Nyarubanja Ilikufa 1965. Nani Anaifufua?



Wazee wetu wa Buhaya wanaijua nyarubanja, wala hawakuisoma kitabuni. Mkama alimpenda mtu wake akampa eneo, na watu waliokuwa wakilima ndani ya eneo lile wakatolewa pamoja nalo, kama mbuzi na kamba yake. Mkulima aliyepanda migomba kwa mikono yake aliamka asubuhi moja akaambiwa ya kwamba kibanja kina mwenyewe, na mwenyewe ni bwana ambaye hajapalilia hata shina moja. Tangu siku hiyo yeye ni mtwarwa na bwana yule ni mtwazi. Alitoa mazao, alitoa kazi ya mikono, baadaye akatoa fedha. Akishindwa, au bwana akimchukia tu, alifungasha. Wakoloni wa kwanza waliikuta, na wa pili waliikuta pia, na kahawa ilipoanza kuleta fedha wakubwa waliipenda zaidi.

Serikali ya wananchi ndiyo iliyoizika. Mwaka 1965 Bunge lilitunga sheria ya kuwakomboa wapangaji wa nyarubanja, na mwaka 1968 ikafuata sheria nyingine ya shabaha ile ile kwa mahali pengine nchini. TANU, mzazi wa Chama hiki, haikuogopa kuwaudhi watu wenye majina makubwa katika mkoa huu, ambao siku zile uliitwa Ziwa Magharibi. Ilisema wazi ya kwamba mtu asile jasho la mwenziwe kwa sababu ya karatasi ya Mkama.

Basi leo tunauliza swali moja, na tunaomba mtu asikasirike kabla ya kusoma mpaka mwisho. Yule kijana anayetafuta chumba Kashai, Hamugembe au Rwamishenye ana tofauti gani na mtwarwa?

Mtazameni anaposhuka kituo cha mabasi na begi lake. Ana barua ya ajira mfukoni na hana mshahara bado. Anampata dalali. Dalali anataka fedha ya kuonyesha vyumba, apate asipate. Anaonyeshwa vitatu, viwili vina watu ndani ambao hata hawajui kwamba wanahama. Cha tatu kinafaa, lakini mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 6 mbele, na wengine wanataka mwaka mzima. Tufanye hesabu ya darasa la nne. Chumba ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Mwaka mmoja ni 720,000. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, 60,000. Jumla 780,000, na mtu huyo hajanunua godoro wala ndoo. Fedha hiyo ataipata wapi? Ataipata kwa mkopeshaji wa riba, na mshahara wake wa kwanza, wa pili na wa tatu utakuwa wa watu wengine. Mtwarwa alitoa baada ya mavuno. Huyu anatoa kabla ya kupanda.

Mwenzetu mmoja wa tawi letu alilipa miezi 6 katika nyumba moja ya hapa mjini. Mwezi wa tatu mwenye nyumba alimletea mgeni akasema, "Huyu ndiye mwenye nyumba sasa." Mwenye nyumba mpya akasema yeye hajui habari ya kodi ya zamani, anataka ya kwake. Tukamwuliza mwenzetu, mkataba uko wapi? Hakuna. Stakabadhi? Hakuna. Alilipa mkononi, kwa kuaminiana, mbele ya kikombe cha chai. Tulipokwenda kwa yule aliyeuza, alitukaribisha vizuri sana, akatupa viti, akatuuliza habari za nyumbani, na hatukupata hata senti. Mwenzetu alihama jioni ile ile, godoro kichwani. Tunasema haya si kwa kumcheka. Sisi wenyewe tuliosomea ualimu, tuliofundishwa kusahihisha madaftari ya watu, tumewahi kulipa kodi hivyo hivyo bila kipande cha karatasi.

Je, nchi hii haikuwahi kuwa na sheria juu ya jambo hili? Ilikuwa nayo. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 iliweka mabaraza ya nyumba ya mikoa. Mpangaji aliyepandishiwa kodi ovyo alikuwa na mahali pa kwenda kusema, na mwenye nyumba hakuweza kumtoa mtu bila amri. Sheria ile ilikuwa na kasoro zake, na wapo waliosema inawavunja moyo wajengaji. Lakini haikurekebishwa. Ilifutwa mwaka 2005. Waliopiga kura kuifuta wengi wao walikuwa wabunge wetu, si wa watu wengine. Tangu hapo kodi ya chumba ni ile anayoamka nayo mwenye chumba.

Na kwa nini Chama kimekaa kimya? Hapa ndipo penye mwiba, na hatutauzunguka.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 Serikali ikaendelea mbele: majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitwaliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mtu anaweza kubishana kama hatua hizo zilikuwa za busara zote. Yapo majumba yaliyochakaa mikononi mwa umma, hilo tumeliona kwa macho. Lakini jambo moja lilikuwa dhahiri: kiongozi aliyekaa mezani kusikiliza shauri la mpangaji hakuwa mwenye nyumba wa mpangaji yule. Mwaka 1991, katika mkutano wa Zanzibar, sharti lile lililegezwa. Kiongozi akaruhusiwa kupangisha. Leo ingieni katika kikao cha kata yoyote ya Bukoba mjini, hesabuni wajumbe, kisha hesabuni vyumba vya kupangisha vilivyoketi pamoja nao. Halafu niambieni kwa nini ajenda ya kodi za nyumba haifiki mezani.

Hatusemi kila mwenye nyumba ni kabaila. Mama mjane wa Nshambya mwenye vyumba viwili vya uani anayesomesha wajukuu kwa kodi hiyo ni mwananchi anayejitegemea, na tunamheshimu. Tena mara nyingi ndiye anayekubali kupokea mwezi kwa mwezi. Tunasema juu ya mtu mwenye nyumba tano, mwenye mshahara, mwenye kiti kikaoni, anayedai mwaka mzima kwa mwalimu mpya, halafu Jumamosi anapanda jukwaani kutueleza juu ya utu.

Na kuna jambo dogo linaloonyesha jambo kubwa. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa katika umeme wa LUKU. Kwa nyumba ya kawaida ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa 1,500. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Lakini anayenunua umeme ni nani? Mpangaji. Basi mpangaji anamlipia bwana wake kodi ya Serikali, na bwana hata asante hasemi. Fedha ni kidogo, twajua. Hata kikapu cha ndizi alichopeleka mtwarwa kilikuwa kidogo.

Mpaka sheria ipatikane tena, mpangaji asikae kungoja. Silaha yake ni kalamu. Usitoe shilingi kabla ya kumwona mwenye nyumba mwenyewe. Dalali si mwenye nyumba, na binamu wa mwenye nyumba si mwenye nyumba. Waulize majirani ni ya nani. Dai mkataba wa maandishi, hata wa ukurasa mmoja: majina, chumba kipi, kodi kiasi gani, umelipa mpaka tarehe ipi, maji na umeme nani analipa, na nyumba ikiuzwa kabla ya muda wako kwisha itakuwaje. Haya ya mwisho watu husahau, na ndiyo yaliyomtoa mwenzetu. Lipa kwa benki au kwa simu ili alama ibaki. Ukilipa mkononi, dai saini. Ikiwa unalipa mwezi kwa mwezi, ujue ya kwamba Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka notisi isiyopungua kipindi cha kodi yako. Asiyekupa notisi akang'oa mlango amejichukulia sheria mkononi. Shauri lako lina mahali pa kwenda: Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, Bukoba lipo na Muleba lipo. Angalia usipoteze muda ukidhani baraza la kata litakuhukumia. Tangu marekebisho ya 2021 baraza la kata linasuluhisha tu.

Lakini kupanga si jambo lote. Wengi wetu, baada ya kuchoshwa na wenye nyumba, tunasema heri ninunue changu. Tunakusanya akiba, wengine tunauza ng'ombe wa mzee, tunakwenda Muleba, Kamachumu, Muhutwe, au pembezoni mwa Bukoba kutafuta kipande. Na huko kuna giza la namna nyingine.

Kibanja chetu si kama shati dukani. Kina migomba, kina mibuni, na mara nyingi kina makaburi. Anayenunua kibanja bila kuuliza habari ya ukoo ananunua kesi. Ukifika, tembea mpakani na majirani wa pande zote nne, mchana, si jioni. Tazama mimea ya mpaka, omulamula, kama ni ya zamani au imepandwa juzi. Udongo mpya kwenye shina husema kweli kuliko muuzaji. Usikubali kipimo cha hatua za miguu, maana siku ya kuuza hatua za muuzaji huwa fupi ajabu. Uliza makaburi ni ya nani na nani atakuja kuyapalilia. Na uliza ya kwamba mke yuko wapi. Hili tunalirudia kwa sababu wanaume wenzetu wanalipuuza: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, haimruhusu mume wala mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenziwe. Mume anayekuuzia nyumba wakati mke amekwenda kuzika kwao anakuuzia machozi, na siku moja machozi hayo yatakuja barazani na wakili.

Hapa wapo wazee wa koo watakaotuita wahuni. Watasema mwanamke hana ardhi ya kuuza katika Buhaya. Wazee wetu, shikamooni, lakini shauri hilo limekwisha. Lilikwisha hapa hapa Muleba. Mama Holaria Pastory alirithi ardhi kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988 aliiuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Mpwa wake akamshitaki, akitegemea tangazo la sheria za mila la mwaka 1963, ambalo lilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake lakini si kuiuza. Mahakama ya Mwanzo ikambatilishia uuzaji. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikakataa, ikasema Katiba sasa ina haki za binadamu. Shauri likafika Mahakama Kuu ya Mwanza, na Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaamua: mwanamke ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi sawasawa na mwanamume, kwa masharti yale yale. Mwana ukoo anayeitaka ardhi ile na airudishe bei yake, 300,000.

Tunalieleza shauri hili kwa kirefu kwa kuwa lina faida mbili. Kwanza, msichana wa Muleba asitishwe tena. Pili, mnunuzi ajue kwamba haki ya ukoo kuikomboa ardhi haikufa. Kwa hiyo waite wana ukoo kabla, wakae, waulizwe kama wanaitaka kwa bei ile, na majibu yao yaandikwe na kutiwa saini. Anayeogopa kikao hicho, iwe muuzaji au dalali, anaogopa kwa sababu anayoijua.

Na baraza la kijiji lishirikishwe. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999; uuzaji uliofanywa gizani bila kibali cha halmashauri ya kijiji hauna miguu, hasa ikiwa mnunuzi si mwanakijiji. Omba kuona hatimiliki ya kimila kama ipo. Mjini, ikiwa kiwanja kimepimwa, nenda ofisi ya ardhi ukaombe upekuzi wa hati kwa Msajili, uone jina lililoandikwa na kama kuna deni la benki juu yake. Mkataba wa kuuza ardhi lazima uwe wa maandishi; Sheria ya Ardhi, kifungu cha 64, haitambui maneno matupu. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa ni ushahidi kwamba mwenyekiti alikuwapo, basi. Si hati. Na kiongozi anayedai asilimia 10 ya bei kwa ajili ya muhuri huo, bila stakabadhi ya Serikali, huyo mwandikeni mtuletee habari zake, awe mwanachama au asiwe.

Kuna mambo ambayo hata hati safi haiyaondoi. Mto Kanoni unapita katikati ya mji wa Bukoba, na mvua za masika zikizidi unakumbuka njia zake zote za zamani. Kiwanja cha bei rahisi bondeni, uliza wapangaji wa jirani maji yalifika wapi ukutani. Ziwa nalo lilipanda mwaka 2020, likapanda tena 2024, likaingia katika nyumba za watu pwani yake. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni ziachwe, kwa hiyo anayekuuzia uwanja wa kutazama mawimbi anakuuzia kitu kisicho chake. Na Septemba 10, 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliua watu zaidi ya 10 na kubomoa nyumba nyingi, hasa za matofali ya udongo. Ukinunua nyumba iliyokuwapo kabla ya siku ile, tazama pembe za madirisha na mahali ukuta unapokutana na ukuta. Rangi mpya chumba kimoja tu ni ya kuulizwa.

Tunajua tutakayoambiwa. Tutaambiwa tunawachochea wapangaji na kuwatia hofu wawekezaji. Hofu gani? Mwenye nyumba anayetoa mkataba, anayepokea kodi kila mwezi au kila miezi mitatu, anayetoa stakabadhi na kulipa kodi yake ya jengo, amepoteza nini? Nyumba ni yake, kodi anapata, jina lake ni safi. Wapo watakaosema wapangaji wengine ni wakorofi, wanalala na kodi, wanavunja milango, wanahama usiku. Kweli, wapo. Ndiyo sababu baraza la zamani lilisikiliza pande mbili.

Wengine watasema, na hawa ndio tunaowaheshimu, ya kwamba kudhibiti kodi kwa sheria kutafanya watu wasijenge. Na tubishane basi, lakini tubishane kikaoni, kwa hesabu, mpangaji akiwa ameketi pale pale. Katika miaka ya 1950 Ali Migeyo alipowahutubia wakulima Kamachumu, wakubwa walisema naye anachochea, wakamfunga. Hatuna hakika kama leo angepata nafasi ya kusema juu ya kodi za vyumba katika kikao cha wenye vyumba.

Kwa hiyo tunataka mambo mawili. Mabaraza yetu ya kata na wilaya yapeleke juu, kwa maandishi, dai la kuwa na sheria ya wapangaji badala ya ile iliyofutwa 2005, yenye kikomo cha kodi inayoweza kudaiwa mbele. Na wakati dai hilo linapanda ngazi, viongozi wa Chama wenye nyumba za kupangisha Bukoba na Muleba waanze wao, mwezi huu, kwa hiari: mkataba, stakabadhi, na kodi isiyozidi ya miezi mitatu mbele. Hawahitaji sheria ili kuanza.

Sisi wa matawi tutaanza na orodha. Kila balozi apite katika shina lake aandike nyumba zinazopangishwa: vyumba vingapi, kodi ya miezi mingapi inadaiwa mbele, mkataba upo au haupo. Majina ya wapangaji yasiandikwe, wasije wakafukuzwa. Ya wenye nyumba walio viongozi yaandikwe kwa wino, na orodha zifike ofisi ya tawi kabla ya kikao kijacho.